Foto ni ushahidi, tusiiue sisi wenyewe

Maneno yenye tulisema mbele ya vijana siku ya posho, ku mukutano wetu wa mafunzo. Tunaiweka hapa kwa ajili ya wale hawakuweza kufika.

Tunajua wengine wametoka mbali, na mvua ya asubui haikuwahurumia. Leo hatutaongea maandamano, hatutaongea barua ya kupeleka ku meya. Tutaongea foto. Mutu anaweza kucheka: mwaka muzima tunapiga kelele juu ya barabara, maji na usalama, sasa tunaitana kufundishana foto? Mutuvumilie kidogo. Mutaona ni maneno ile ile.

Tuanze na aibu yetu wenyewe.

Uchaguzi wa tarehe 20 desemba 2023, dada mumoja wetu alikaa ku kituo cha kura mpaka usiku, mpaka kuhesabu kuliisha. Munajua sheria: matokeo ya kila biro ya kura inabandikwa pale pale, kila mwanainchi aione. Ile karatasi ilipobandikwa, dada yetu aliipiga foto, mwenzake akimumulikia na tochi. Foto ilikuwa safi: majina, hesabu, sinyature za mashahidi, kashe. Alituma mu grupe yetu ya WhatsApp. Hakujaisha hata dakika kumi, ilikuwa imefika mu grupe zingine tatu. Ndugu mumoja aliichukua kule, akakata pembeni, akaongeza mwangaza, akazungushia hesabu moja duara nyekundu, akahifadhi tena, akatuma. Mwengine hakujua namna ya kuitosha mu grupe, akapiga kaptire ya kioo cha telefone, naye akatuma. Na sisi wote tulifurahi: foto inatembea!

Nyuma ya siku mbili avoka mwenye alikuwa anatusaidia akaiomba. Tukamupa ile yenye tulikuwa nayo. Aliikaribisha ku macho, akaiongeza ukubwa, akatuuliza: "Hapa ni 38, ni 33, ao ni 88?" Tulikuwa watu watatu mu ile nyumba, na kila mutu alisoma hesabu yake. Kashe ilikuwa imegeuka doa tu. Akasema, "Hii siwezi kuiweka ku meza ya mutu. Leteni ya kwanza kabisa." Ya kwanza haikuwa. Telefone ya dada yetu ilikuwa imejaa, na alifuta foto juu alijua "iko mu grupe". Tulikimbia kule ku kituo: mulango ulibakia, karatasi haiko.

Dada yetu hakukosea. Alifanya kazi ya mutu mwenye moyo. Ni sisi hatukumwambia neno moja la maana: foto yenye iko mu grupe siyo ile yenye ulipiga.

Juu ya nini? Hapa inaomba kuelewa kidogo ginsi foto inakaa mu telefone.

Telefone yenye kamera ya megapikseli 12 inatoa foto ya nukta milioni 12. Kila nukta inaomba hesabu tatu: ya rangi nyekundu, ya kijani, ya buluu. Ukizihesabu zote unapata mega 36 kwa foto moja. Ku ile bei yetu ya mega, nani angetuma foto? Basi watu wa kazi walitafuta njia ya kuifinya. Ile kundi lao ndiyo ilitupa jina JPEG, na kanuni yao ilitoka mwaka 1992, wengi kati yetu hatujazaliwa. Foto ya mega 36 inakuwa ya mega 3 ao 4, na jicho haioni tofauti. Ni kazi ya akili sana, hatuisemi mubaya. Bila ile, hakuna foto moja ingetoka mu kijiji.

Lakini inafinya namna gani? Inakata foto yote vipande vidogo vya mraba, nukta 8 kwa 8. Kila kipande ni nukta 64. Inazigeuza kuwa hesabu 64 zingine, kwa njia yenye Nasir Ahmed, enjenieri mwenye kuzaliwa Uhindi, na wenzake wawili walichapisha mwaka 1974. Hesabu za kwanza zinaonyesha mambo makubwa ya kile kipande: ni cheupe, ni cheusi, kinaelekea kuwa giza upande gani. Za mwisho zinaonyesha mambo madogo madogo: ncha ya herufi, mustari wa kalamu, tofauti ya 3 na 8. Kiisha inafanya sawa vile mama wa soko: inatosha chenji. Kitu cha franka 2 870, anasema tuseme 2 900. Mwengine anasema, ah, tuseme 3 000. Zile hesabu za mambo madogo, mingi inarudishwa ku zero. Na ukisha kusema 3 000, hakuna mutu mu dunia mwenye anaweza kuangalia ile 3 000 na kujua ilikuwa 2 870.

Ndiyo maana tunasema imekufa. Haikujificha. Haiko.

Sasa kila mara unafungua foto, unaigusa, na unaihifadhi tena kwa JPEG, ile kazi ya kutosha chenji inaanza upya, juu ya hesabu zenye zilishaharibika. Tunataka kuwa wa kweli hapa: ukiifungua na kuihifadhi bila kugusa kitu, na programu ile ile, kwa kiwango kile kile, hasara ni ndogo, na mara ya pili ya tatu karibu haiongezeki. Shida inakuja ukikata pembeni, juu vile vipande vya 8 kwa 8 havianguke tena fasi ile ile. Ukiongeza mwangaza, ni vile vile. Ukibadilisha programu, kila moja iko na meza yake ya kutosha chenji. Ukipunguza ukubwa, ndiyo kabisa. Na sisi, ile foto ya matokeo, tuliifanyia yote ine mu usiku moja.

Na rangi inateseka zaidi. Jicho ya mutu inaona vizuri mwangaza na giza kuliko rangi. Basi JPEG inatumia ile udhaifu yetu: mara nyingi inachunga rangi moja kwa nukta ine, mwangaza inauacha wote. Kwa foto ya maua hakuna mutu ataona. Lakini karatasi nyeupe yenye kashe nyekundu ao sinyature ya buluu? Ni pale inapiga. Ndiyo maana kashe yetu iligeuka doa mbele ya herufi nyeusi kupotea. Na muangalie pembeni ya herufi mu foto yenye imepita mikono mingi: mutaona vidoa vidogo vinazunguka sawa mbu ku taa. Havikuwa ku karatasi. Na mutu mwenye anatafuta kusema "ile foto mumetengeneza" atavionyesha.

Ndugu mumoja hapa mbele ameuliza: kwa hiyo hata kuangalia foto inaichosha? Hapana. Hii tunaisikia sana. Kufungua na kuangalia mara elfu hakuharibu kitu. Kukopia kutoka ku telefone kwenda ku ordinatere, ao ku karte memwari, hakuharibu kitu. Siyo sawa fotokopi ya karte ya kura, yenye kila kopi inazidi kuwa nyeusi mpaka sura ya mwenyewe inapotea. Kopi ya fishie ni ile ile, mpaka ku hesabu ya mwisho. Yenye inaharibu ni kuhifadhi upya, na kupitisha mu programu zenye zinahifadhi upya bila kukuuliza.

WhatsApp ni moja ya hizo. Ukituma foto kwa njia ya kawaida, inaipunguza ukubwa, inaifinya tena, na inatosha maandishi ya ndani: saa, tarehe, aina ya telefone, na fasi kama ilikuwa imeandikwa. Mwaka 2023 waliongeza njia ya kutuma HD. Iko muzuri kuliko ya kawaida, lakini hata ile inafinya. Kuko njia ingine: chagua kutuma sawa dokima, siyo sawa foto. Pale fishie inakwenda vile iko, haiguswe. Mutasema inakula mega. Ni kweli, inakula mara kumi, hata zaidi. Basi usitume zote. Tuma zile tatu zenye ni za lazima, ngoja forfe ya usiku, ao pelekea mwenzako kwa Bluetooth ao kwa kabo. Hizo mbili hazilipishi hata franka.

Kuko na wale wenye wanasema: mimi nikiona foto imekuwa mubaya, ninaihifadhi kwa kiwango cha 100, inarudi. Hairudi. Fishie inakuwa nzito, ni yote. Wengine wanaigeuza PNG. PNG haitoshe chenji, kwa hiyo kutoka pale haitazidi kuharibika, lakini yenye ilikufa mbele haifufuki. Na zile programu za kusafisha foto na akili ya mashini, tunaomba sana, zisiguse ushahidi. Hazijui hesabu ilikuwa 38. Zinabahatisha 38 yenye kupendeza. Hiyo mu maneno ya uchaguzi inaitwa uongo, hata kama ulitaka mema.

Basi namna gani? Mutu akipiga foto ya maana, ile ya kwanza haiguswi. Haikatwi, haizungushwi, haiandikwi juu. Hata kuzungusha: telefone ingine inaandika tu ndani "foto hii isimame", ingine inahifadhi yote upya, na wewe huwezi kujua ni gani. Unakopia. Ile kopi ndiyo unakata, unaitia duara, unafunika sura. Ukiwa na kazi ya siku mbili juu yake, hifadhi kwa PNG katikati ya kazi, na JPEG mara moja tu ya mwisho, ile ya kutoka inje. Ukikosea, usirekebishe ile yenye ulikosea. Rudi ku ya kwanza. Na kabla ya kubonyeza, angalia kama programu inauliza "uweke ku fasi ya ile ya zamani?" Jibu ni hapana. Tuko na ndugu mumoja, hatutamutaja na yeye anacheka pale nyuma, alibonyeza ndiyo ku foto 40 za bomba za maji zenye kukauka. Zote zilibakia na upana wa kidole.

Kuko shida ingine, siyo ya kufinywa. Foto inafunguka nusu: juu safi, chini rangi ya majivu. Wengi wanasema ni virusi. Mara nyingi siyo virusi. Foto ya namna hii inaandikwa kutoka juu kwenda chini, sawa mutu anaandika barua. Kama telefone ilizimika juu kuran hakuna na batri imeisha, ao mulitosha karte wakati ilikuwa inaandika, ao mutandao ulikatika mu njia, barua inabakia nusu. Kama iliharibika mu kutuma, usifute, rudi uikopie tena kutoka kwa mwenyewe. Kama ilifutwa ku karte, simamisha yote. Usipige hata foto moja juu yake, juu ile mupya inaweza kulala fasi ya ile yenye unatafuta. Kuko programu ya bure, PhotoRec, inarudisha mingi kama karte haijaandikwa upya. Hairudishi yote, na majina ya fishie yanapotea, lakini tulishaona watu wakilia kwa furaha.

Na zile karte za soko zenye zinaandikwa giga 128 kwa bei ya kusikitisha, mujihazari. Zingine ndani ni giga 8 tu, zimefundishwa kusema uongo. Zikijaa hazikuambii. Zinaandika juu ya zile za kwanza, ao haziandiki kitu, na majina ya foto yanaonekana yote. Ukinunua, jaza karte yote mbele, kiisha fungua fishie moja moja, za mwanzo na za mwisho. Ni kazi ya mangaribi moja.

Wadada wenye iko na iPhone wanajua hii: foto inafika ku ordinatere ya zamani, haifunguki. Tangu mwaka 2017 zile telefone zinahifadhi kwa namna ingine, HEIC. Kubadilisha jina ya mwisho iandikwe jpg hakubadilishi kitu ndani, ni kuvalisha mbuzi koti. Inaomba programu ya kugeuza. Na mukigeuza, ile HEIC ya kwanza ibakie.

Sasa, juu ya nini tunakazana hivi? Juu inchini kwetu hapa foto ilishafungisha watu. Mwezi wa septemba 2018, tribinali ya jeshi ya Bukavu ilihukumu viongozi wawili wa FDLR kifungo cha maisha, kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje ya mwaka 2012. Kati ya ushahidi kulikuwa foto zenye zilipigwa na programu ya telefone inaitwa eyeWitness. Ile programu inaandika saa na fasi wakati ule ule wa kupiga, na inaitia foto alama, hesabu ndefu yenye inatoka ndani ya foto yenyewe. Ukibadilisha nukta moja, ile hesabu yote inabadilika. Kwa hiyo mutu akisema "mumegusa", unalinganisha alama mbili. Hatusemi kila mutu hapa aitie ile programu. Tunasema mahakimu walikubali kuangalia juu kulikuwa namna ya kuonyesha kwamba hakuna mutu aligusa. Foto yenye imepita grupe ine na duara nyekundu haiwezi kuonyesha ile.

Hapa tuseme ile yenye inatutia woga sisi wote. Foto ya kwanza yenye saa na fasi ndani ni nguvu mbele ya hakimu, lakini ku baryere inaweza kukumaliza. Mutu mwenye silaha akifungua telefone yako, ile fasi inamwambia nyumba ya mama mwenye alikuongelea. Kwa hiyo ya kwanza haikai mu telefone yenye unatembea nayo. Ikopie ku fasi mbili, kwa watu wawili wenye hawakai nyumba moja. Hakikisha zinafunguka mpaka chini. Kiisha futa ku telefone, na ku kikapu cha takataka pia. Wengi wanasahau kikapu.

Ile ya kutoka inje, funika sura na rangi nyeusi yenye kujaa. Usitumie ile kalamu yenye kupitisha mwangaza: mutu akiongeza mwangaza sura inatokea. Na fishie zingine zinachunga ndani foto ndogo ya kuonyesha haraka. Programu mubaya inafunika kubwa na kusahau ile ndogo. Hapa, kwa mara moja, ile tabia ya WhatsApp ya kutosha maandishi ya ndani inatusaidia. Lakini usiitegemee: ukituma sawa dokima, haitoshi kitu. Kwa hiyo mujue ni gani munatuma kwa nani. Kwa avoka, dokima. Kwa watu wote, kopi yenye imefunikwa.

Dada kule ku dirisha ameuliza kama mutu haiko na ordinatere, afanye namna gani. Karte memwari mbili zinatosha, na kabo ya OTG, ile fupi ya kuunganisha karte ku telefone. Iko kila fasi yenye wanatengeneza telefone. Grupe yetu imenunua tatu, mutazikuta kwa yule ndugu mwenye kofia. Anaandika jina ya kila mutu mwenye amechukua, na siku ya kurudisha.

Sasa tosheni telefone. Kila mutu apige foto ya lile tangazo ku mulango, lile lenye kashe nyekundu. Iweke pembeni. Itume kwa jirani yako kwa njia ya kawaida, naye aitume kwa jirani yake, mpaka ifike mwisho wa musitari. Wa mwisho atatusomea hesabu ya chini, ile ndogo, kwa sauti.